Kifungu cha Saba

Mimi ndiye niliyemchora Nasambu
kwenye bati la kibanda cha Mama Kasyoka, Kahawa West,
kwa rangi ya mafuta robo lita na brashi iliyonyonyoka.
Nilimchora hewani, kwa sababu chini sikumjua:
goti limekunjwa, mkono umepita wavu,
mpira bado hauna habari ya kitakachoupata.
Jezi ya kijani, namba kumi na nne.
Juu, kwa herufi nilizozitia kivuli:
CHAPATI ZA KURUKIA.
Chini jina lake, dogo, kwa heshima.

Malipo yangu yalikuwa chapati sita na ndengu.
Yake sijui. Nasikia deni la wiki mbili lilifutwa,
shilingi mia tatu na arobaini.

Barua ilikuja na muhuri.
Niliitwa nami, shahidi,
katika chumba cha zulia na chupa za maji zisizofunguliwa.
*Mwanamichezo aliye mwanafunzi
hataruhusu uso wake, jina lake wala namba yake
kutumika kuuza, kusifu au kuvutia wateja wa bidhaa yoyote,
isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya Kamati.*
Daktari Muriungi alisoma polepole,
kama mtu anayepima kitambaa kisicho chake.

"Ulilipwa?"
"Nilikula," akasema Nasambu.
Karani akauliza aandike nini.

Nikatazama dirishani. Sikuwa na nia,
nilitafuta tu mahali pa kuyaweka macho.
Basi la chuo lilikuwa limeegeshwa chini,
na ubavuni mwake, kutoka taa hadi taa,
Nasambu yuleyule, goti lilelile,
jezi ya kijani, namba kumi na nne,
na nembo ya benki imemkalia begani
kama ndege aliyelipa kodi.
Picha ya mashine, isiyo na kosa hata moja la mkono.
Nikanyoosha kidole, bila neno.
Watu watano wakageuka, wakalitazama basi,
wakazirudia karatasi zao.
"Lile," akasema mmoja, "ni la taasisi."

Ndipo nilipojua kuwa uso una wenyewe wawili,
anayeuosha asubuhi
na anayeutilia sahihi.

Kumi na mbili alfajiri nilikuwa kibandani na kopo la nyeupe.
Ilikuwa hivyo au akose michezo ya vyuo, mwezi wa nane.
Nasambu alikuja na ndala, akachukua brashi ya pili.
Tukaifuata kanuni kama mapishi:
uso akaufunika mwenyewe, akianzia macho;
jina, mipigo mitatu;
namba nikaifunika mimi, rangi ikavuja hadi kiunoni.
Akarudi nyuma hatua mbili.
"Goti halikutajwa," akasema.
Nikaikunjua barua. Goti halikutajwa.
Wala kiwiko. Wala ile nafasi kati ya kiatu na ardhi
niliyoihangaikia siku mbili nzima.
Tukayaacha.

Siku hizi wa boda husimama, mguu mmoja chini:
"Mama, huyu asiye na kichwa si Nasambu?"
Mama Kasyoka anageuza chapati.
Ameshafunzwa kuwa kujibu ni kutangaza.
"Ni mtu anayeruka," anasema.
"Ngapi?"
"Nipe nne."

Mwezi wa nane basi likapita, linaelekea Eldoret,
limeoshwa, linang'aa, benki na bega na yote.
Nikasimama na brashi yangu kumtafuta ndani,
lakini ile picha imeziba hata vioo,
aliye ndani huchungulia kupitia ngozi yake mwenyewe.
Dirisha moja tu lilikuwa wazi,
lile lililoangukia jicho la kushoto.
Mkono ukatoka pale jichoni, ukapunga,
umeshika chapati iliyoumwa nusu.